Samoni wa mto Dee na kazi ya kumrudisha majini

Nimezaliwa Musoma, baba mvuvi, mama mchuuzi wa sato sokoni. Sasa ninaishi Aberdeen, Uskoti, kwa kazi ya uuguzi, na kati ya Februari na Oktoba, siku nisiyokuwa zamu, mara nyingi nakuwa nimesimama kwenye maji ya mto Dee hadi kiunoni, navua samoni ambaye sitamla. Watanzania na Wakenya wenzangu wa hapa wananiuliza, na ndugu zangu wa nyumbani wananiuliza zaidi: kuna maana gani kumvua samaki kisha ukamwachia? Nimeona niandike kwa kirefu, maana kwa simu jibu halikai sawa.

Niseme mapema ninachoamini. Kumwachia samaki ni kazi yenye ufundi wake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ndoano haijagusa maji. Anayedhani amemwokoa samaki kwa sababu tu hakumtia mfukoni, huenda amemuua na kuondoka zake bila kujua.

Kwanza umjue samaki mwenyewe. Samoni wa Atlantiki huzaliwa kwenye changarawe za vijito vya juu, na kwa Dee ni huko kwenye milima ya Cairngorms. Hukaa mtoni miaka miwili au mitatu akiwa mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja. Kisha hugeuka rangi ya fedha, hushuka baharini na kwenda mbali sana: bahari ya Norwei, visiwa vya Faroe, hata pwani ya magharibi ya Greenland. Huko hula na kunenepa mwaka mmoja au zaidi, halafu hurudi, na wengi hurudi mto ule ule waliozaliwa. Akishaingia mtoni hali tena. Anayeingia Dee mwezi Machi ataishi kwa mafuta ya mwili wake mpaka atage Oktoba au Novemba. Jike wa kilo nne na nusu hivi hubeba mayai kama 5,000. Jamaa zake wa bahari ya Pasifiki hufa wakishataga, lakini huyu wa Atlantiki baadhi yao hunusurika, hushuka tena baharini wakiwa wamekonda kama ufito, na wachache hurudi kutaga mara ya pili.

Ukimshika samaki wa namna hiyo mwezi wa Aprili, umeshika miaka mitano ya safari na mayai ambayo bado hayajatagwa. Na wamebaki wachache. Uskoti imehifadhi hesabu za samoni wanaovuliwa kwa fimbo ya ndoano tangu 1952. Mwaka 2023 walikuwa 32,477, wachache kuliko mwaka wowote katika kumbukumbu hizo, na asilimia 96 yao walirudishwa majini. Mwisho wa mwaka huo huo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilimhamisha samoni wa kisiwa hiki cha Uingereza kutoka kundi la wasiotiliwa wasiwasi na kumtia kundi la walio hatarini kutoweka.

Sasa sheria, maana hapo ndipo wageni wengi huchanganyikiwa. England utanunua leseni ya fimbo kabla ya kutupa ndoano. Uskoti, ukiacha mto mmoja wa mpakani, hakuna leseni ya serikali. Huku haki ya kuvua samoni ni mali ya mtu: inauzwa, inarithiwa, inakodishwa. Mto umegawanywa vipande, kila kipande kina mwenyewe, na kuvua bila ruhusa yake ni kosa la jinai. Kwa hiyo unakata tiketi ya siku kwa mwenye kipande, au unajiunga na chama chenye haki mahali fulani. Mimi nilipitia chama, ndiyo njia ambayo mshahara wa muuguzi unaimudu. Jumapili hakuna kuvua samoni popote Uskoti. Msimu wa Dee hufunguliwa tarehe 1 Februari na kufungwa tarehe 15 Oktoba, samaki wakatage bila bughudha.

Kuhusu kuachia, tangu 2015 samoni yeyote anayevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili lazima arudishwe, mto wowote ule, kwa sababu wale wa mwanzo wa mwaka ndio waliopungua vibaya zaidi. Mwaka 2016 zikaongezwa kanuni nyingine: mito hupimwa kila mwaka na kupangwa kwa madaraja. Mto wa daraja la 1 una samaki wa kutosha na mtu anaweza kuchukua. Wa daraja la 2 watu wanahimizwa wapunguze. Wa daraja la 3, kila samoni arudishwe msimu mzima, na asiyemrudisha amevunja sheria. Daraja linaweza kubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mvuvi makini huangalia orodha kabla hajafungua begi lake. Dee wenyewe wamekwenda mbele ya sheria: kwa miaka mingi utaratibu wa mto huu ni kurudisha samoni wote, hata miezi ambayo sheria ingemruhusu mtu abebe.

Kuna kanuni moja ambayo watu hawaitaji sana, na mimi naiona ndiyo yenye akili kuliko zote. Tangu 2002 ni marufuku Uskoti kuuza samoni aliyevuliwa kwa fimbo. Ukishaondoa soko, umeondoa sehemu kubwa ya kishawishi, na huhitaji askari kwenye kila kona ya mto. Mtu aliyekulia mwaloni kama mimi anaelewa mara moja. Nimeona doria ngapi za boti ziwani zikishindwa na bei nzuri ya samaki mchanga.

Sehemu iliyonichukua muda kuikubali ni hii: pale sheria inaposema samaki arudishwe, anarudishwa hata akiwa amekufa. Nililishuhudia mwezi wa Machi. Mwanachama mwenzetu mmoja alipata jike ambaye ndoano ilikuwa imemchoma ndani kwenye matamvua. Damu ilitoka kwa mapigo, kama ninavyoiona kazini mshipa mkubwa ukikatwa, na maji ndani ya wavu yakawa mekundu. Yule bwana alimshikilia muda mrefu ameelekeza kichwa chake kwenye mkondo. Samaki akalala ubavu, mdomo wazi. Mwishowe akamwacha, akachukuliwa na maji, tumbo jeupe likionekana na kupotea mpaka kwenye kona.

Jioni nilimpigia mdogo wangu aliyeko Musoma nikamsimulia.

“Dada, hiyo ni dhambi,” alisema. “Samaki keshakufa. Mnamtupa, na chakula kipo mkononi?”

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nililipata baadaye kwa mzee jirani yangu, ambaye alifanya kazi ya kutunza kipande cha mto na kuongoza wavuvi mpaka alipostaafu. Huku watu huitana majina tu, mtoto na babu sawasawa, lakini mimi nimeshindwa. Namwita Mzee na ameshazoea. Aliniambia kwa kifupi: ukiruhusu aliyekufa achukuliwe, hakuna samaki atakayepona. Kila mwenye tamaa atasema wake alikufa mkononi, na hakuna mahakama itakayojua. Akaongeza kwamba mzoga haupotei bure. Fisi-maji wanakula, ndege wanakula, wadudu wa mtoni wanakula, na wadudu hao ndio chakula cha watoto wa samoni. Nilimrudia mdogo wangu na jibu hilo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bado ni vigumu. Na kweli ni vigumu. Sheria ikiwa nzuri haina maana kwamba moyo hautauma.

Mzee ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza hakunipa fimbo. Alinikalisha mezani jikoni kwake, akanipa koleo ndogo na ndoano, akaniambia nibane kale kajino ka nyuma kanakozuia ndoano isitoke. Nilibana mpaka kakalala, kisha nikapitisha ndoano kwenye kitambaa cha pamba: ilitoka bila kunasa uzi. Hicho ndicho kipimo. Kwenye Dee tunavua kwa chambo bandia cha manyoya peke yake, hakuna minyoo wala kamba, kwa sababu chambo cha kuliwa humezwa hadi tumboni na ndoano ya tumboni haitoki salama. Chambo cha manyoya mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo, mahali pagumu pasipo na damu nyingi.

Kisha mshipi, yaani uzi wa kuvulia. Wageni wa mchezo huu hupenda mshipi mwembamba wakidhani ndio uungwana: samaki apewe nafasi ya kupigana. Mzee hataki kusikia. Mshipi mwembamba unakulazimisha kumvuta polepole, na kila dakika anayopigana, misuli yake inajaa asidi ya laktiki na damu yake inachafuka. Samaki anaweza kuondoka anaogelea vizuri, ukafurahi, akafa saa kadhaa baadaye chini ya jiwe usipomwona. Kwa hiyo mshipi uwe mnene, fimbo iwe na nguvu, umlete haraka. Sifa ya “nilipigana naye nusu saa”, ambayo wavuvi wengi hujivunia, mimi naisikia kama mtu anayejivunia kumchelewesha mgonjwa mlangoni.

Hewa ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Kuna jaribio la watafiti wa Canada lililochapishwa mwaka 1992, lililofanywa kwa trauti, ndugu wa karibu wa samoni. Waliwakimbiza samaki mpaka wakachoka. Waliochoka bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa. Waliochoka kisha wakawekwa hewani sekunde 30, walikufa asilimia 38. Sekunde 60, asilimia 72. Hayo yalikuwa mazingira ya maabara, na mto wa baridi wenye mvuvi stadi hutoa matokeo mazuri zaidi. Hapa hapa Dee, katika miaka ya 1990, samoni waliovuliwa kwa fimbo majira ya kuchipua walifungwa vifaa vya redio na kufuatiliwa, na walio wengi walinusurika. Lakini tangu nilipozisoma tarakimu zile, sijawahi kuitazama tena kwa jicho lile lile picha ya mtu anayecheka huku amemkumbatia samaki kifuani. Mpiga picha anasema “mara moja zaidi”, na sekunde zinahesabika.

Nieleze kinachotokea akishafika mkononi. Samaki yuko ndani ya wavu wa mpira usio na mafundo, wavu uko majini, na mimi nimepiga magoti kwenye maji yanayofika mapajani. Mikono nimeilowesha kwanza, kwa sababu ule utelezi wa mwili wake ndio kinga yake. Ukiufuta kwa mkono mkavu, ukungu mweupe unapata pa kuanzia. Mwezi wa Aprili mwaka huu nilikuwa na mmoja aliyetoka baharini siku chache tu: mgongo wa bluu inayoelekea nyeusi, ubavu kama bati jipya, na karibu na mkia chawa wawili wa baharini, wa kahawia, wenye vile vijiuzi virefu vya mayai nyuma yao. Chawa hao hudondoka mapema katika maji ya mto, kwa hiyo ukiwaona unajua mgeni amefika juzi. Ndoano ilikuwa kwenye kona ya taya. Nikaishika kwa koleo, nikaigeuza kidogo, ikatoka. Nikampima kwa alama zilizochorwa kwenye mpini wa wavu, bila kumnyanyua. Samoni wa sentimita 80 huwa na kilo 5 hivi, mzani wa nini? Nikamshika kwa mkono mmoja pale mwili unapobana kabla ya mkia, mkono mwingine chini ya kifua, kichwa kimeelekea maji yanakotoka. Simsukumi mbele na nyuma kama wengine wanavyofanya; maji yapite mdomoni yatokee kwenye matamvua kwa njia yake ya kawaida. Unahisi kwanza uzito mfu, halafu mkia unaanza kukaza ndani ya kiganja, halafu unakaza kweli, na hapo hushiki tena.

Yote hayo hayana maana maji yakiwa ya moto. Maji ya nyuzijoto 10 za Selsiasi huweza kubeba takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubeba 9 tu, na wakati huo huo mwili wa samaki unahitaji oksijeni nyingi zaidi. Kwa hiyo kipimajoto hukaa mfuko wa mbele wa jaketi langu, na huwa natia majini kabla ya kuunga fimbo. Ikikaribia 18 navua alfajiri tu au siendi. Ikifika 20 narudi nyumbani, hata kama nimeshalipia tiketi. Kiangazi cha 2018 mito ya Uskoti ilipata joto ambalo wazee hawakuwahi kuliona, na tangu hapo mazungumzo haya yamekuwa ya kawaida miongoni mwetu. Hakuna sheria inayonifukuza mtoni siku ya nyuzi 21. Samaki nitakayemwachia siku hiyo ataandikwa kwenye hesabu kama aliyerudishwa, na huenda amekufa. Ndiyo maana nasema kuachia kunaanza kabla ya kutupa: kunaanza na siku uliyochagua kutoka nyumbani.

Mambo haya yamenifanya niitazame upya sheria ya sangara wa kwetu. Tanzania, kwa sangara, kanuni ya miaka mingi iliruhusu wa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo bado hajazaa. Juu ya hapo ni mama mzazi mwenye mayai mengi, aachwe. Kwa fikra ilikuwa sheria nzuri mno, ya kulinda mtoto na mzazi kwa pamoja. Lakini sangara aliyelala usiku kucha kwenye wavu wa makila, ule wa kutega, anatolewa akiwa maiti, na aliyepandishwa haraka kutoka kina kirefu tumbo limefura kwa hewa. Ukimrudisha unamlisha mwewe. Sheria ya ukubwa inafanya kazi pale tu chombo cha kuvulia kinapomwacha samaki hai, na ndiyo maana ukubwa wa tundu la wavu una uzito kuliko rula ya afisa mwaloni. Baba alikuwa akisema hivyo kwa maneno yake, kwamba samaki mdogo alindwe na tundu, asisubiri kulindwa na mtu. Mvuvi wa mwalo ana watoto wa kulisha. Mimi navua kwa starehe na nina mshahara. Sithubutu kumhubiria yeye kuhusu kuachia. Anachohitaji ni nyavu halali zinazopatikana kwa bei anayoiweza, na makokoro, nyavu za kukokota, yakomeshwe kuanzia wanakoyauza.

Mwenzangu wa kazini anayetoka Nyeri aliniambia jambo ambalo sikulijua: trauti walioko kwenye mito ya Aberdare walitoka huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza huko Kenya, aliagiza mayai ya trauti kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, na samaki wadogo walioanguliwa wakatiwa mto Gura. Hadi leo wapo.

Turudi Dee, maana kuna kisa ambapo kuachia ndiyo kosa. Tangu 2017, hasa miaka ya witiri, mito ya Uskoti inaingiliwa na samoni wa waridi, wa asili ya Pasifiki, ambao Warusi waliwapandikiza katika mito ya kaskazini yao kwenye karne iliyopita. Wakatawanyika Norwei, kisha wakafika kwetu. Huishi miaka miwili tu, ndiyo sababu huja mwaka mmoja na kuruka mmoja. Maelekezo tuliyopewa ni kwamba ukimpata usimrudishe: muue haraka, na utoe taarifa kwa bodi ya mto, inayosimamia uvuvi wake. Sasa fikiria mvuvi aliyefundishwa miaka kumi kwamba kila samaki arudi majini, amepiga magoti mtoni, ana sekunde chache za kuamua. Lazima ajue kutofautisha. Wa waridi ana madoa meusi makubwa ya mviringo mrefu kwenye mkia, magamba yake ni madogo mno, na mara nyingi hazidi kilo mbili na nusu. Dume akiiva huota nundu mgongoni. Wa kwetu mkia wake kwa kawaida hauna madoa hayo. Mzee ametundika picha za wote wawili kwenye kibanda cha chama, juu ya birika la chai, mahali ambapo kila mtu atatazama apende asipende.

Wapo wanaosema mchezo wote huu ni ukatili. Kwamba kumvua samaki kwa njaa kunaeleweka, lakini kumchoma ndoano, kumchosha, kisha kumwachia ili umchome tena ni kumtesa kwa burudani. Si maneno ya watu wa mtaani peke yao. Uswisi imekataza katika kanuni zake za ulinzi wa wanyama mtu kwenda kuvua kwa nia ya kuachia, na Ujerumani sheria inataka pawe na sababu ya maana ya kumuumiza mnyama, na chakula ndicho sababu inayokubalika kwa urahisi. Hoja hiyo naiheshimu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimsikia mdogo wangu ndani yake: samaki ni chakula, usimchezee.

Lakini nimeona upande mwingine pia. Fedha za tiketi na kodi za vipande ndizo zinazolipa bodi ya mto na askari wake, na wavuvi ndio wanaopiga simu wakiona maji yamebadilika rangi au mtu ametega wavu usiku. Mto usio na wavuvi hauna macho. Najua kwamba hilo halimpunguzii maumivu yule mmoja aliye kwenye ndoano yangu. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: nikishampata mmoja na kumrudisha, nakunja fimbo siku hiyo, hata iwe bado asubuhi. Hakuna kanuni inayonidai hivyo, na wenzangu wengine hunishangaa.

Wala siwalaumu waliokula. Samoni mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa fimbo Uingereza alivuliwa na mwanamke, Georgina Ballantine, kwenye mto Tay, tarehe 7 Oktoba 1922: paundi 64, yaani kilo 29. Samaki huyo alipelekwa hospitali ya mjini Perth, wakala wagonjwa na wafanyakazi. Mimi muuguzi napenda sana habari hiyo. Ulikuwa mto mwingine na wakati mwingine, samaki wakiwa tele.

Kuachia peke yake hakutamrudisha samoni, na ningekuwa mwongo nikiishia kwenye wavu na koleo. Karibu samoni wote wanaovuliwa sasa wanarudishwa na bado hesabu ilishuka. Wengi wao hufia baharini; wataalamu wa hapa hukadiria kwamba kati ya wadogo mia wanaoshuka, wanaorudi hawafiki watano. Huko mimi na fimbo yangu hatuna la kufanya. Lililo ndani ya uwezo wetu ni kuhakikisha wadogo wengi zaidi wanashuka wakiwa na afya, na hapo adui ni joto la vijito. Vilima vya Dee ya juu viko wazi, paa wamekula miti kwa vizazi, jua linapiga maji moja kwa moja. Kwa hiyo shirika la mto huu linapanda miti ya asili kandokando ya vijito, mibetula, mierebi, misonobari ya Kiskoti, na kuizungushia uzio paa wasifike. Kivuli chake kitashusha joto, majani yatalisha wadudu, na matawi yakianguka majini yatakuwa maficho ya samaki wadogo.

Kazi hiyo inahitaji watu kuliko inavyohitaji wavuvi, na hakuna tiketi ya kununua. Kuna baridi, tope linafika juu ya kifundo cha mguu, na sepeto mara nyingi hugonga jiwe. Nimewapeleka Watanzania wawili mpaka sasa, na mmoja hajawahi kushika fimbo wala hana mpango. Ukiwa Aberdeen au karibu na unataka kuja, niandikie. Gari langu lina nafasi tatu, na mabuti ya ziada ninayo namba 38 na 42.